Mjumbe Asiyetumwa, Kura Isiyohesabiwa

Katika Katiba ya Jimbo la California, Ibara ya IX, kifungu cha 9, imo sentensi moja ndefu inayostahili kusomwa kwa utulivu uleule tunaoupa utenzi. Kwa Kiswahili changu inakwenda hivi: wadhamini wa Chuo Kikuu cha California wanaweza, kwa hiari yao, kwa kufuata taratibu watakazojiwekea, na baada ya kushauriana na wawakilishi wa wahadhiri na wa wanafunzi, kuteua kwenye bodi mmoja au wote wawili kati ya watu wafuatao, wawe wajumbe wenye haki zote za ushiriki: mhadhiri, na mtu aliyesajiliwa kuwa mwanafunzi. Wapiga kura wa jimbo waliikubali Novemba 1974, katika marekebisho yaleyale yaliyopunguza muhula wa wadhamini wanaoteuliwa na gavana kutoka miaka 16 hadi 12, na mwaka uliofuata Carol Mock akawa mwanafunzi wa kwanza kukaa katika bodi hiyo. Waandishi wa siasa wamezoea kuuliza kama sentensi hii ni ya haki. Mimi nauliza imesukwaje, maana wasomaji tuliolelewa katika mabishano ya fani na maudhui tunajua kwamba kifungu cha sheria hakina maudhui yanayoweza kuishi nje ya fani yake.

Tuanze na kuchelewa kwake. Kati ya kiima na kitenzi kikuu cha uteuzi, mwandishi ameweka vizuizi vitatu, kila kimoja kikiwa kirai kamili: hiari, utaratibu, mashauriano. Msomaji anapita langoni, anafika ua wa kwanza, anasubirishwa, anaingia wa pili, anasubirishwa tena, na hata anapoonana na mwenye nyumba hajaambiwa bado kama kuna kiti. Kitenzi chenyewe ni “wanaweza”, si “watateua”, na yeyote aliyewahi kutafsiri sheria anaujua umbali uliopo baina ya maneno hayo mawili: la pili huamuru, la kwanza hufungua dirisha na kumwachia mwenye nyumba aamue kama ataliacha wazi. Hadi hapo sentensi inasomeka kama ya watu wasiotaka kutoa kitu.

Kisha inageuka. Baada ya vizuizi vile vyote, kinachotolewa hakina masharti yanayokifuata nyuma. Haki zote za ushiriki zinatajwa kwanza, ndipo wanapotajwa watakaozipata, kwa hiyo mwanafunzi anapoingia katika sentensi anakuta vazi limekwisha kushonwa na kazi yake ni kulivaa. Hakuna “isipokuwa”, hakuna “ila”, hakuna “lakini katika mambo ya fedha”. Na tazama jambo ambalo jicho la haraka hulikosa: neno “kura” halimo kabisa katika tendo hilo la kutoa. Mtunga sheria mwoga angeitaja kura ili aizungushie ua, ila huyu ameitia ndani ya neno “zote” na kuendelea na safari yake. Ukimya huo umefanya kazi kubwa kuliko tamko lolote, kwa sababu haki iliyotajwa peke yake ni rahisi kupunguzwa peke yake.

Ukubwa wa kura hiyo ni suala jingine, na sitalikuza. Bodi ina wajumbe 26 wenye kura: 18 wa kuteuliwa na gavana, saba wanaoingia kwa wadhifa, akiwamo gavana mwenyewe, na mwanafunzi mmoja anayesimama kwa niaba ya kampasi 10. Tarehe 20 Julai 1995, bodi hiyo ilipopiga kura kuacha kuzingatia rangi na jinsia katika udahili, matokeo yalikuwa 14 kwa 10, na mmoja hakuelemea upande wowote. Katika matokeo ya namna hiyo kura moja haigeuzi mizani, lakini imo ndani ya tarakimu. Anayesoma kumbukumbu za kikao hawezi kuing'oa bila kubadili jumla.

Pahali sentensi hii inapodhoofika ni katika wakati. Kifungu kinasema mteuliwa atahudumu kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kuanzia Julai Mosi. Kisarufi hiyo ni sakafu: chini ya hapo usishuke, juu yake nenda utakavyo. Mazoea ya bodi yameigeuza sakafu kuwa dari, na mwanafunzi hupiga kura kwa mwaka mmoja tu, mbele ya wenzake wenye miaka 12. Ili kuutibu ufupi huo, utaratibu umebuni mwaka wa utangulizi ambamo mteule huketi, husoma makabrasha, huongea, lakini hapigi kura. Naupenda mwaka huo kama kifaa cha kimsuko, kwani unafanana na sura ya kwanza ya riwaya ambamo mhusika mkuu anatambulishwa kabla ya kupewa tendo. Ninachotilia shaka ni urefu wa sura zinazofuata. Riwaya inayomaliza utangulizi kwa mwaka na kisa kizima kwa mwaka mwingine imempa mhusika wake muda mfupi mno wa kukosea na kujirekebisha.

Sasa tuweke kando yake maandishi mengine ya jimbo hilohilo. Sheria ya Elimu ya California, kifungu cha 72023.5, inahusu vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili vinavyoendeshwa na wilaya zaidi ya 70, kila wilaya ikiwa na bodi inayochaguliwa na wakazi wake. Hapa toni inabadilika mara moja. Katiba ilikuwa kavu. Sheria hii ni mkarimu wa kupindukia. Mwanafunzi ataketishwa pamoja na wajumbe wa bodi. Atatambuliwa kuwa mjumbe kamili katika mikutano. Atapewa nyaraka zote wanazopewa wajumbe, isipokuwa za vikao vya faragha. Atauliza maswali, atachangia mjadala. Takriri ya vitenzi vya kupewa inajenga taswira ya mgeni anayekirimiwa: karibu kiti, karibu maji, karibu chakula. Kisha inakuja sentensi ambayo kifungu kizima kimeandikwa kwa ajili yake: mwanafunzi anaweza kupiga kura ya ushauri, ingawa kura hiyo haitahesabiwa katika kupata idadi inayohitajika kupitisha jambo lolote.

Tukae juu ya “ingawa” hiyo kidogo. Katika Kiswahili, kama katika lugha ile ya asili, kishazi cha “ingawa” hubeba jambo dogo linaloshindwa na lile la kishazi kikuu: ingawa mvua ilinyesha, tulifika. Kufika ndiko habari, mvua ni pambo. Mtunga kifungu ameupindua uzito huo. Kishazi kikuu kimebeba ishara, na kile tegemezi, kinachoonekana kama nyongeza ya adabu, kimebeba hukumu. Huo ni ukiushi wa kiwango cha juu, na kama ningekuwa nautoa darasani ningeusifu bila kinyongo. Zawadi inatolewa kwa mkono wa kulia mbele ya wageni, na mkono wa kushoto unairudisha chini ya meza, ndani ya sentensi moja, bila hata nukta kati yake.

Ukirudi nyuma baada ya kuisoma, maneno mengine yote yanabadilika sura. “Pamoja na wajumbe” si sawa na “miongoni mwa wajumbe”. Mtu huketi pamoja na wenyeji bila kuwa mwenyeji. “Mjumbe kamili” nako kunaonekana kuwekwa makusudi kabla ya kasoro ili kuifunika. Na pale ambapo Katiba ilisema haki, sheria hii inazungumzia fadhila: ruhusa ya kutoa hoja na kuunga mkono hoja, kwa mfano, ni jambo ambalo bodi huamua kila mwaka, kufikia Mei 15, kama itampa mwanafunzi au haitampa. Haki haina tarehe ya kuombwa upya.

Nenda kwenye kikao katika wilaya ambako mwanafunzi huitwa kwanza. Katibu anasoma ajenda, hoja inatolewa, inaungwa mkono, majina yanaanza kuitwa. Jina la kwanza ni la mwanafunzi. Anasogeza kipaza sauti, anasema “Ndiyo”, au “Hapana”. Katibu anaandika. Ndipo wanafuata wale ambao kura zao zina idadi, na mwishoni mwenyekiti anatangaza: tano kwa mbili, hoja imepita. Waliosema ni wanane, walioingia katika hesabu ni saba. Sheria ya shule za chini za jimbo hilo, inayowapa wanafunzi wa sekondari nafasi kama hiyo katika bodi zao, imeliweka hili wazi zaidi: kura yao ni tamko rasmi la maoni linaloandikwa katika kumbukumbu kabla ya kura ya wajumbe wengine, na haliamui matokeo ya mwisho ya kinamba. Angalau hapo hakuna “ingawa”. Lugha yetu ilipata neno kura kutoka Kiarabu, likiwa na maana ya bahati nasibu, ile ya kutumbukiza vijiti chunguni na kumwachia Mungu. Hata kijiti kile cha zamani kilikuwa ndani ya chungu pamoja na vingine.

Kuna neno jingine letu ambalo linaona kile ambacho Kiingereza hakikioni. Kwao anayeketi kwenye bodi ni kiungo, kama mkono au mguu ulivyo kiungo cha mwili. Kwetu ni mjumbe: mtu aliyetumwa, mwenye neno la mwenziwe kinywani, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi hadi yule wa methali ambaye hauawi. Basi tuwapime wanafunzi wetu wawili kwa neno hilo. Wa chuo cha jamii huchaguliwa na wanafunzi wenzake, na sheria inawapa uwezo wa kumrudisha nyumbani wakichoshwa naye. Ametumwa, tena kwa hakika, lakini alichokibeba hakihesabiwi. Wa Chuo Kikuu huchujwa na wanafunzi, ila anayemteua ni bodi yenyewe, na akishateuliwa anatakiwa kuutumikia umma wote kama mdhamini mwingine yeyote. Kura anayo, mtumaji hana. Usambamba huu uliopinduliwa haukupangwa na mtu mmoja, kwa kuwa maandishi haya yana watunzi tofauti, lakini ukiyaweka bega kwa bega yanasomeka kama beti mbili za jibizano: aliyetumwa asihesabiwe, anayehesabiwa asitumwe.

Sisi tuliosoma pwani hii tuna sababu ya kuyasikia hayo kwa ukaribu. Julai 1971, Symonds Akivaga, rais wa umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi, akafukuzwa chuoni, na wenzake wakagoma wakiegemea Mwongozo wa TANU uliotolewa Februari ya mwaka uleule. Utanzu waliouchagua ni barua kwa sababu kifungu hawakuwa nacho. Nami nakumbuka, miaka mingi baadaye, katika taasisi nisiyoitaja, jinsi mwakilishi wa wanafunzi alivyoshukuriwa kwa michango yake na kuombwa atupishe kabla ya kufika “Mengineyo”. Mambo yote mazito yalikuwa katika Mengineyo.

Najua hoja inayotolewa kuutetea mtindo wa pili: mwanafunzi anayepigia kura karo anaamua mfuko wake mwenyewe, na anaondoka kabla ya kuvuna alichopanda. Hoja ya karo haina nguvu sana katika bodi ambayo gavana anayepanga bajeti ya jimbo ni mmoja wa wapiga kura wake. Ile ya kuondoka mapema ni ya kweli, lakini tiba yake ni muhula mrefu zaidi, jambo ambalo Katiba tayari imeliruhusu kwa kusema “usiopungua”.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kifungu cha vyuo vya jamii kimeandikwa kwa ufundi zaidi, na ufundi wake umetumika kuficha. Sentensi ya Katiba ni nzito, imejaa vizuizi, haina adabu hata moja ya kumkaribisha mgeni, na ndiyo bora, kwani kila ilichokitoa kinaweza kuonekana katika jumla ya kura. Ina doa moja ambalo fani yake yenyewe inalieleza. “Wanaweza” iliyomfungulia mwanafunzi mlango ilikuwa imewafungulia watu wawili, mmoja au wote wawili. Wahadhiri wana wawakilishi wawili wanaokaa na bodi na kuzungumza bila kura. Kiti chao chenye haki zote, kilichoandikwa katika sentensi ileile mwaka 1974, hakijawahi kukaliwa.