Mmea wa Mama Lena

Mchezo wa Lorraine Hansberry uitwao A Raisin in the Sun ulionyeshwa mara ya kwanza Broadway, mjini New York, mwaka 1959. Habari yake ni ya jamaa moja ya watu weusi wa Chicago, watu watano wakaao katika nyumba finyu ya kupanga. Baba amekufa, na kampuni ya bima yamletea mjane wake, Lena Younger, dola 10,000. Mwanawe Walter ataka kufungua duka la pombe. Binti yake Beneatha ataka kusomea uganga. Mama mwenyewe ataka nyumba yenye bustani.

Walimu wengi huwaambia wanafunzi wao kwamba mmea mdogo autunzao Lena dirishani ni mfano wa nyumba ile. Neno hili si la uongo, lakini twaona limepunguka.

Yatupasa kwanza kulipima neno "ndoto". Asili yake katika Kiswahili, ndoto humjia mtu alalapo, naye hana kazi ila kuipokea. Lakini Lena yu macho. Yeye na mumewe walipohamia pale walikusudia kukaa mwaka mmoja tu, na miaka ikapita hata mume akafa kwa kazi nyingi. Dirisha ni moja, nuru ni haba, wala mmea haustawi; hata hivyo kila siku huumwagilia maji. Basi mmea si mfano wa kitu atakachopata, bali wa kazi aifanyayo kabla hajakipata. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mama huyu alichumia kivulini, ili wanawe wapate kulia juani.

Hapa ndipo penye kosa lake, na wasifu wengi hupapita upesi. Mmea hauna nia yake, watoto wanazo. Lena alipotoa dola 3,500 kununua nyumba huko Clybourne Park, mahali pa watu weupe, hakumwuliza mwanawe. Walter alivunjika moyo, akaacha kwenda kazini, hata mama akakiri kwamba amemkosea. Akamkabidhi dola 6,500 zilizobaki, akimwagiza aweke 3,000 kwa masomo ya Beneatha. Walter akampa mwenzake zote, naye akatoroka nazo.

Ndipo Bwana Lindner, mjumbe wa watu weupe, anapotaka kuwalipa ili wasihamie. Walter amekwisha kuazimia kuzipokea. Mama hamkatazi, amwamuru tu aseme maneno yake mbele ya Travis, mwanawe mdogo. Walter amtazama mtoto, akataa fedha. Kwa maoni yetu hii ndiyo shina la mchezo wote: tumaini la mama limekuwa la mwana, si kwa kununuliwa, bali kwa kuchaguliwa naye mwenyewe.

Mwandishi hakubuni shida hii hewani. Baba yake, Carl Hansberry, alinunua nyumba Chicago mwaka 1937 mahali walipokatazwa watu weusi, na daawa yake ikafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1940. Kwa hiyo mchezo hautuahidi raha huko waendako.

Mwisho, wote wakiisha kutoka, Lena arudi peke yake kuuchukua mmea. Nyumba amekwisha kuipata. Kama mmea ungekuwa mfano wa nyumba tu, angeuacha. Auchukua kwa sababu kazi ya kutunza haijaisha.