Kifo cha Mwanamuziki na Uhai wa Lugha Yake

Habari za wanamuziki zitufikiazo kwa redio aghalabu ni za aina mbili: fulani amefariki dunia, au kibao cha fulani kimeshika nafasi ya kwanza. Habari hizo zina haki yake, lakini hazimfai mwalimu wa lugha mpaka aulize swali la tatu: je, mtu huyu aliimba Kiswahili gani, nasi tukitumieje?

Tutazame misiba miwili. Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz kisha na Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mnamo Januari 1979. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alifariki kwa ajali ya gari hapa Zambia mwaka 1990. Wote wawili walifia katika nchi jirani, na wote waliimba Kiswahili. Lakini Kiswahili chao si kimoja.

Mbaraka alisimulia. Katika wimbo wake mashuhuri, "Shida", maneno yamepangwa kwa utulivu, na lugha iko karibu na ile ya vitabu vyetu. Maneno hayo yaweza kuandikwa ubaoni, yakasomwa bila gitaa, na maana isipotee.

Bosco ni kinyume chake. "Masanga", uliorekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, husimama juu ya vidole vya mpigaji. Beti zake huruka kutoka jambo moja hadi jingine, na anayetafuta kisa atatoka mikono mitupu. Hiyo ni kasoro ya masimulizi, wala tusiifiche. Lakini gitaa hilo hilo lilimfikisha kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969.

Baadhi ya wenzetu wangependa kumwacha Bosco nje ya darasa, kwa hoja kwamba Kiswahili cha Katanga huharibu sarufi. Hoja hiyo haina nguvu kwetu tulio kando ya Ziwa Mweru. Wafanyabiashara wa samaki wavukao kutoka Kilwa ya Kongo hadi soko la Kashikishi husema "batoto" na "bintu", na mtoto wa Nchelenge huyasikia maneno hayo kabla ya kufungua kitabu chochote. Tena, kiambishi "ba-" anakijua tangu nyumbani katika Kibemba. Akichekwa darasani kwa kusema "batoto", hatajifunza "watoto", atajifunza kunyamaza.

Basi ndugu walimu, tuwatumie wote wawili, kila mmoja kwa kazi yake. Nyimbo za Mbaraka zifundishe ufahamu na mtiririko wa hoja. Nyimbo za Bosco zisikilizwe kwanza, kisha wanafunzi wapange safu mbili, "batoto" na "watoto", "bintu" na "vitu", waone kwamba pande zote mbili zina kanuni yake ya ngeli. Mtihani utadai Kiswahili sanifu, nacho lazima tukifundishe kwa ukamilifu. Lakini sanifu hujengwa juu ya msingi uliopo.

Cheo cha kibao hupita kwa majuma machache, na tangazo la msiba hupita kwa siku moja. Mwanamuziki aliyeacha lugha hai katika vinywa vya watu ametuachia kazi ya kufanya.