«Wakoma kumi» ama watu kumi wenye ukoma?

Ikifika Siku ya Mungu tunaposoma Injili ya Luka 17, 11-19, karibu kila mhubiri anaanza hivi: «Leo tumesikia habari ya wakoma kumi.» Sisi wenyewe tumesema vile mara nyingi, wala hakuna aliyetukosoa. Lakini yafaa tufungue Kilatini. Vulgata haisemi «leprosi» tu; yasema «decem viri leprosi», na Kigiriki cha Luka ni vilevile: wanaume kumi wenye ukoma. Mwinjili ametaja ugonjwa, lakini hakusahau kutaja watu. Sisi kwa kufupisha tumetupa neno moja, na neno tulilotupa ndilo «watu».

Msomaji mwenye akili atatujibu: «Na Marko 1, 40? Pale imeandikwa "leprosus" tu.» Ni kweli. Lakini pale Bwana Yezu alinyosha mkono, akamgusa yule ambaye hakuna mtu aliyethubutu kumgusa. Mkono ulisema kwamba huyu ni mtu. Mhubiri kwenye mimbara hana mkono wa kugusa. Ana neno tu. Basi na aliangalie neno lake.

Tuangalie vilevile Kiswahili chetu. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: majina hayo yote yana «ki-», kama kiti na kisu. Lakini hatusemi «kipofu hiki kimekuja». Twasema «kipofu huyu amekuja». Jina limemweka pamoja na vitu, na sarufi yenyewe inamrudisha kati ya watu. Kwa «mkoma» imekuwa kinyume: jina liko katika ngeli ya watu, lakini ndani yake mtu amegeuka kuwa ugonjwa mtupu. Aliye «mwenye ukoma» aweza kuacha kuwa nao, na leo anaacha kweli, kwa kuwa tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza matibabu ya dawa zilizochanganywa, yanayoponyesha. «Mkoma» hubaki mkoma mpaka kaburini. Tazameni Simoni wa Betania (Marko 14, 3): anapokea wageni mezani kwake, na wafafanuzi wengi wanadhani alikuwa amekwisha kupona, lakini watu wangali wanamwita kwa ugonjwa wake.

Kuna majina mabaya kupita hayo. Huko Goma na Bukavu watoto wanaolala njiani wanaitwa «maibobo». Huko Kinshasa, «shege». Majina hayo yanaonyesha mahali mtoto anapolala. Hayasemi nani aliyemfukuza. Na mara nyingi nyuma yake kuna jina lingine lililotangulia: «mlozi». Baba amekufa, ama kazi imepotea, ama mdogo wake ameugua, na jamaa wanatafuta mwenye kosa. Kipofu hakika haoni, na mwenye ukoma ana alama mwilini. Mtoto aliyeitwa mlozi hana alama yoyote, ila neno lenyewe. Neno ndilo linalofungua mlango na kumtupa inje. Kwa sababu hiyo Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza vilevile. Hata wanafunzi wa Yezu walimwona mtu kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye ama wazazi wake (Yoane 9, 2). Yezu hakukubali ulizo hilo. Na watu walipomtupa mtu yule inje, Bwana alisikia, akamwendea.

Wengine watasema: «Badilisheni maneno mnavyotaka, mtoto atalala tu chini ya meza ya soko.» Wana haki. Maofisi yana majina marefu na mazuri kwa watoto hao, na usiku baridi ni ileile. Hatuombi neno zuri la kufunika jambo baya. Twaomba neno la kweli, kwa maana anayesema «mtoto aliyefukuzwa» analazimishwa kuuliza: amefukuzwa na nani? Ni nyumba gani? Nani ataenda kule? Katekista anayesikia neno «mlozi» juu ya mtoto wa kijiji chake, asingoje mkutano wa parokia. Aende katika nyumba ile kabla ya jua kushuka. Na padri asilitamke kamwe mimbarani juu ya mtu aliye hai, hata kwa mzaha.

Neno moja la mwisho. Katika orodha ya Mitume, Marko na Luka wanaandika «Matayo», basi. Ni Injili ya Matayo peke yake inayoongeza «mtoza ushuru» (10, 3). Mtu aweza kukumbusha mwenyewe aibu yake ya zamani, ili huruma ya Mungu ionekane. Wenzake walimwachia jina lake tu. Nasi tufanye vile.