Mikono Iliyoosha Injini

Kushusha injini ya Land Cruiser ya zamani, ile 1HZ ya dizeli, silinda 6, lita 4.2, si kazi ya pupa. Fundi humwaga kwanza oili na maji, akafungua rejeta, mabomba na nyaya. Kila kundi la bolti huingia kopo lake, maana zinazofanana kwa macho huweza kupishana urefu. Ndipo winchi inapoanza kuvuta.

Kisha uchafu. Oili iliyovuja miaka nenda miaka rudi imechanganyika na vumbi, ikagandia bloku hadi namba ya injini haisomeki. Lakini fundi mzuri haanzi kwa kusugua. Huangalia: palipo na unyevu mpya ndipo sili imechoka, na ukiosha mapema umefuta ushahidi. Huziba matundu yote ya mabomba ya dizeli, kwani chembe ya mchanga ikipenya hadi kwenye pampu au nozeli, hasara yake ni kubwa. Baada ya hapo ndipo vinapokuja kikwangulio, brashi ya waya, mafuta ya taa na matambara. Nyuma ya pampu brashi haifiki. Huko huingia kidole kilichoviringishwa tambara, na ngozi huchubuka.

Gari likishawaka, wapita njia husifu rangi. Mimi naheshimu zaidi saa zile za kuchuchumaa juu ya karai la mafuta machafu. Ukienda kulichukua gari lako, usimpunguzie fundi hela ya kuosha injini. Mlipe yote.