Visaidizi vya Majaribio na Mahali pa Kuvihifadhi

Mradi wa programu ukishakuwa na pakeji nyingi, msimbo unaosaidia majaribio ya pakeji tatu nne ukae wapi? Wengi hufungua pakeji moja ya visaidizi, wakarundika kila kitu humo. Hiyo inaanza kuzitegemea pakeji nyingine, nazo zinaitegemea, hadi siku lugha ya Go inapogoma kabisa: utegemezi umezunguka.

Waandishi wa maktaba sanifu ya Go walilipanga jambo hili kwa utulivu ninaouheshimu sana. Faili ambazo majina yake yanaishia na _test.go hutumika wakati wa majaribio tu, na pakeji nyingine haiwezi kuziagiza. Kwa hiyo kisaidizi cha kushirikiana lazima kipate pakeji yake. Wao wakaiweka pakeji ya httptest ndani ya saraka ya net/http, jirani na kile inachokijaribu, chini ya mikono ya wanaoijua HTTP vizuri. Ukiita NewServer, unawashiwa seva ya kweli kwenye kompyuta yako, na mfumo wenyewe huchagua namba ya poti iliyo wazi, hivyo majaribio hayagombanii poti. Unapewa anwani, kazi ikiisha, unafunga.

Kuna pia pakeji ya iotest. OneByteReader yake husoma baiti moja moja, basi. Ni msimbo mfupi mno, lakini humuumbua haraka mtu aliyeandika programu akidhani data yote itafika kwa mkupuo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni amri ya t.Helper, iliyokuja na Go 1.9 mwaka 2017. Kabla yake, jaribio likifeli ujumbe ulikupeleka kwenye mstari ulio ndani ya kisaidizi, ambao hauna kosa lolote. Sasa unaiandika mwanzoni mwa kisaidizi, na ujumbe unataja mstari wa yule aliyekiita. Mwaka 2020 ikafuata t.Cleanup: kisaidizi kikifungua faili, papo hapo kinaagiza ifungwe jaribio likiisha, bila kumwachia mwingine usafi.

Visaidizi vya ndani kwa ndani huwekwa kwenye saraka iitwayo internal, ambayo Go huwazuia watu wa nje kuiagiza. Humo maktaba sanifu imeweka testenv: jaribio linalohitaji mtandao huuliza kwanza kama mtandao unaruhusiwa pale linapoendeshwa, na usiporuhusiwa linarukwa, sababu ikiandikwa.