Saa 3 na Dakika 18 Bila Kurudia

Tarehe 2 Mei 1715, katika mnara wa kanisa la St Peter Mancroft mjini Norwich, Uingereza, kengele saba zilipigwa kwa saa 3 na dakika 18. Zilibadilishana zamu katika mipangilio 5,040, na hakuna hata mmoja uliojirudia. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake kukamilika. Iliwezekanaje?

Tuanze na gurudumu. Kengele inayoning'inia na kubembea kidogo haina utii: kila mbembeo huchukua muda uleule, upende usipende. Katika karne ya 17 mafundi wa Uingereza walifikia kufunga kila kengele kwenye gurudumu zima lenye kamba, ikaweza kuzunguka duara kamili. Huanza mdomo ukiwa juu, huanguka, kisha hupanda upande wa pili, ikipiga njiani, hadi mdomo utazame juu tena. Pale kileleni hukaribia kusimama. Mpigaji akiiacha ipande zaidi, itachelewa. Akiiwahi kabla ya kilele, itarudi upesi. Nafasi ya kuamua ni hiyo tu, nayo ni fupi.

Ndipo kanuni ilipozaliwa. Kitu kizito namna ile hakiwezi kurukishwa kutoka zamu ya pili hadi ya sita kwa mpigo mmoja. Kengele hubaki mahali pake au hubadilishana na jirani yake, basi. Namba 1 ndiyo ndogo yenye sauti nyembamba, namba 7 ndiyo nzito. Wakianza na 1234567, hufuata 2143657, kisha 2416375. Tazama namba 1 inavyorudi nyuma hatua kwa hatua, huku nyingine zikipishana nayo.

Kengele saba zina mipangilio 5,040 kamili, wala si zaidi. Tano zina 120, sita zina 720. Hizo zilikwisha kushughulikiwa, na Fabian Stedman alichapa kitabu cha mbinu za upigaji mwaka 1677. Ugumu wa saba ni kwamba mtindo uliotumika Norwich, uitwao Plain Bob, ukiachwa ujiendee hurudi ulikoanzia baada ya mipangilio 84. Kwa hiyo kiongozi hutoa mwito mahali maalumu, kengele kadhaa zikabadili njia, na safari ikaendelea kwenye mipangilio ambayo haijapigwa. Mwito mmoja ukikosewa, kazi yote imeharibika.

Na karatasi haitumiki. Kila mpangilio ulichukua sekunde 2 na ushei, hivyo hapakuwa na muda wa kusoma. Mpigaji hakariri namba 5,040. Hukariri njia ya kengele yake na kutazama anayemfuata ni nani. Mchezaji hodari wa bao hufanya vivyo hivyo: hajazi kichwani kila kete, ila anajua ya mwisho italala shimo gani.

Mtu anaweza kudhani hesabu zililetwa mnarani na wasomi. Mimi naona ziliteremka kutoka kwenye uzito wenyewe. Kengele ingekuwa nyepesi, ingepigwa wimbo kama zeze. Kwa kuwa inakubali kusogea hatua moja tu, wapigaji walilazimika kuuliza hatua hizo moja moja zinaweza kufika wapi.