Kukaa na Kifungu

Yuko mzee mwinjilisti hapa Miasenyi ambaye mahubiri ya Jumapili huyaanza Jumatatu. Kalamu haigusi kwanza. Husoma sura nzima kwa sauti, kisha iliyoitangulia, na kesho yake hurudia. Mezani ana Biblia ya Union Version ya 1952, itifaki ya Biblia iliyochakaa na daftari. Juma moja nilipoketi naye alikuwa katika 1 Wafalme 17, habari ya Eliya na mjane wa Sarepta.

Sisi tuliouona ukame wa 2022 ukiangusha ng'ombe nyikani hudhani sura hiyo tunaijua. "Mwanangu, Sarepta iko nchi gani?" aliniuliza. Sidoni. "Na malkia Yezebeli katoka wapi?" Nikarudi sura ya 16, mstari wa 31: ni binti wa mfalme wa Wasidoni. Kumbe Baali, mungu wao aliyetegemewa kwa mvua, alishindwa hata kwao, na Mungu wa Israeli akamlisha mjane kwenye ua wa Baali mwenyewe! Mzee akanyamaza, akaningoja nione mengine. Kijito cha Kerithi kilikauka kwa kukosa mvua, yaani nabii aliyeutangaza ukame naye ulimfika. Wala hatuambiwi kwamba pipa la unga lilijaa, halikwisha, basi. Yote yamo katika sura hizo mbili. Mzee huyasubiri kama mfugaji anavyosubiri maji yajikusanye kisimani, na sijui ibada iliyo safi kuliko subira hiyo.

Pwani hii iliizoea subira hiyo zamani. Mmisionari Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, hakuwa na kamusi ya Kiswahili ya kumwongoza. Kila mstari ulidai masikio na maswali. Mmisionari Joseph Wray, aliyefika Sagalla mwaka 1883, naye alilazimika kujifunza kusikiliza kabla ya kusema.

Siku hizi mstari mmoja huchumwa kwenye simu Jumamosi usiku. Nimemsikia mhubiri mgeni akiishika habari hiyo hiyo: mjane alitoa unga wake wa mwisho, basi nanyi toeni. Wanawake waishio kwa kuuza makaa wakafungua mafundo ya leso zao. Iliniuma, na ingali inaniuma. Kifungu kinachomwonyesha Mungu akimlisha maskini kiligeuzwa cha kumkamua maskini. Mhubiri yule hakufika mstari wa 17, ambapo mtoto wa mjane anaugua hadi pumzi inamtoka, katika nyumba ile ile yenye unga usiokwisha, na mama anamgeukia nabii kwa uchungu. Mzee hufika hapo, tena hukaa hapo muda mrefu kuliko popote, maana kanisani mwake wamo kina mama waliozika.

Sijaona kijana anayekuja Jumatatu kuketi naye. Vijana huja Jumamosi jioni, wakiuliza kama ana mahubiri ya kuwaazima.